Mtwara hadi Guangzhou: kilomita hazibadiliki, mbona saa hazikubaliani?

Iulize simu yako umbali wa kutoka Kiwanja cha Ndege cha Mtwara hadi kile cha Guangzhou, China. Jibu linakuja papo hapo: karibu kilomita 8,780, muda wa kuruka saa 11 na dakika 30 hivi. Mfanyabiashara anayejiandaa kwenda kufuata mzigo kwa mara ya kwanza akiliona jibu hilo, anapiga hesabu: nikiondoka asubuhi, usiku nimefika. Kisha tiketi inatoka. Tiketi inaonyesha anaondoka Mtwara Jumatatu saa nne asubuhi na kufika Guangzhou Jumanne saa nane na dakika 40 mchana. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Wakala amemuuzia njia ya kuzunguka? Simu imedanganya? Ndege ni mbovu?

Hakuna aliyedanganya. Simu na tiketi zinapima vitu viwili tofauti, na kati yake kuna mambo manne yanayochanganywa kila siku: umbali, muda wa ndege kuwa angani, muda wa safari nzima, na saa ya ukutani ya kule unakokwenda. Ukiyatenganisha, tiketi yoyote inasomeka, iwe ya China, ya India kwa matibabu au ya Hija.

Umbali ndio sehemu isiyo na ubishi, na wa Jeddah unaweza kuupata bila simu. Mtwara tupo nyuzi 10 na dakika 20 kusini mwa Ikweta. Uwanja wa Jeddah, wanakotua mahujaji, upo nyuzi 21 na dakika 41 kaskazini. Kwa longitudo tumekaribiana mno: sisi nyuzi 40 mashariki, wao 39. Yaani Jeddah iko kaskazini mwetu karibu moja kwa moja. Jumlisha nyuzi zetu na zao, unapata 32. Mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,000. Ugawe kwa nyuzi 360, kila uzi mmoja una kilomita 111. Zidisha 32 kwa 111, unapata 3,552. Kompyuta yenye hesabu ndefu itakupa kama 3,560. Hesabu ya darasani imekufikisha Jeddah kwa kukosea kilomita chache tu.

Kwa Guangzhou hesabu hiyo rahisi haitoshi, kwa sababu mji huo uko kaskazini na pia uko mbali sana mashariki, kwenye longitudo ya nyuzi 113. Kompyuta hutumia kanuni za jometri ya tufe kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Chukua mpira, weka alama mbili, kisha vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi uliokaza ndio njia fupi. Njia hiyo ukiihamishia kwenye ramani bapa ya ukutani, mara nyingi inaonekana imepinda kama upinde, na watu hushangaa kwa nini rubani hakunyoosha. Mfano mzuri ni Beijing na New York. Miji yote miwili iko karibu na latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, kwa hiyo kwenye ramani unaona wazi kwamba ndege ingeshika mstari mmoja mnyoofu. Mstari huo una zaidi ya kilomita 14,000. Njia ya juu, inayopita karibu na Ncha ya Kaskazini, ina kama 11,000. Hizo kilomita 3,000 na ushee zilizookolewa ni mafuta mengi sana.

Sasa wengi waliowahi kusoma habari hii hudhani kila safari ndefu hupinda hivyo. Yetu haipindi. Nimeikokotoa njia ya Mtwara–Guangzhou kwa namna zote mbili, kwa uzi uliokaza na kwa mstari mnyoofu wa ramani, na tofauti inaishia kama kilomita kumi. Sababu ni kwamba njia yetu inakata Ikweta. Upande wa kusini upinde unaelekea kusini, upande wa kaskazini unaelekea kaskazini, na kote tuko karibu na kiuno cha dunia ambako ramani haidanganyi sana. Kwa hiyo msafiri wa Mtwara anayetafuta saa zake zilizopotea asizitafute kwenye upinde wa dunia. Hazipo huko.

Kutoka kilomita kwenda saa

Programu nyingi za simu hazijui ratiba ya ndege yoyote. Zinachukua umbali, zinagawa kwa kasi moja ya kukadiria, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Gawa 8,780 kwa 800, ongeza nusu saa: saa 11 na dakika 30. Jibu lote la simu ndilo hilo. Halikuangalia kama ndege ipo, ya aina gani, wala upepo unavuma kwenda wapi.

Aina ya ndege inabadilisha mengi. Boeing 787, ndiyo Dreamliner, huenda karibu kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Airbus A220 iko chini yake kidogo. Ndege za mapanga zinazotua viwanja vya mikoani ziko nyuma zaidi: Q400 huenda kama 650, na ATR kama 500. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa mstari wa ndege ni kilomita 400. Kwa kasi ya Q400 hiyo ni kazi ya dakika 37. Lakini hakuna ratiba itakayokuandikia dakika 37. Itakuandikia saa moja hivi, kwa sababu mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule. Humo kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa polepole, kuzunguka kuikabili njia ya kutulia, na kutambaa tena. Dakika hizo hazijali urefu wa safari. Katika safari fupi zinakula theluthi ya muda; katika safari ya saa kumi huzioni.

Halafu upepo. Hapa pwani yetu ina somo lake la zamani. Majahazi yaliyokuwa yakiingia Mikindani yalikuja na kaskazi kuanzia Novemba mpaka Machi, na yalirudi Uarabuni na India kwa kusi. Nahodha hakuuliza umbali wa Muscat ni maili ngapi. Aliuliza pepo zimegeuka au bado. Ndege nayo inasukumwa au kuzuiwa vivyo hivyo, maana kasi ya kilomita 900 ni kasi yake ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Hewa ikienda upande wako kwa kilomita 120 kwa saa, juu ya ardhi unakwenda 1,020. Ikikupinga, unakwenda 780. Chukua kipande cha kilomita 3,000 tu cha safari: kwenda kwa upepo wa nyuma kinachukua chini kidogo ya saa tatu, kurudi dhidi ya upepo uleule kinachukua karibu saa tatu na dakika 50.

Ila upepo wa baharini na upepo wa ndege si upepo mmoja. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi linapolivusha jahazi kuelekea India, kule juu kwenye kilomita 12 na kuendelea, juu ya India ya kusini na Bahari ya Arabu, kuna mkondo wenye nguvu unaovuma kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi. Jahazi linasukumwa, ndege iliyo juu yake inazuiwa, mwezi mmoja, bahari moja. Majira ya baridi ya kaskazini, Desemba na Januari, hali inageuka: mkondo mkali wa kutoka magharibi unapita juu ya India ya kaskazini na China ya kusini, na ndege inayokwenda Guangzhou inapata msukumo kwenye sehemu ya mwisho ya safari. Anayerudi miezi hiyo hiyo anakaa kitini zaidi. Ndiyo maana ratiba ya kwenda na ya kurudi hazilingani hata kwa ndege ileile.

Kuna pia mizunguko ambayo si ya hewa. Marubani hufuata njia zilizopangwa angani, hukwepa mawingu ya radi ambayo ni mengi karibu na Ikweta, na hukwepa anga zilizofungwa. Tangu vita vianze Sudan Aprili 2023, kwa mfano, ndege za abiria kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zinaizunguka nchi hiyo. Kilomita za simu hazina habari na vita.

Hakuna ndege ya moja kwa moja, na sababu zake

Simu inapima Mtwara–Guangzhou kana kwamba kuna ndege inayoruka hapo. Haipo. Wengine husema tatizo ni uwanja. Njia ya kurukia ya Mtwara imerefushwa hadi mita 2,800, na ya Dar es Salaam ni mita 3,000, kwa hiyo tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa. Dreamliner ya aina ya 787-8 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Ni kweli kwamba ndege ikijazwa mafuta ya saa kumi, abiria na mizigo, kwenye joto la Desemba ambapo hewa ni nyepesi, kila mita ya lami ina thamani. Lakini kikwazo kikubwa zaidi kwa maoni yangu ni viti. Dreamliner za Air Tanzania zina viti 262. Kuvijaza na watu wa Mtwara na Lindi wanaokwenda Guangzhou siku moja, wiki baada ya wiki, ni jambo ambalo biashara yetu bado haijafikia. Korosho inasafiri kwa meli. Wenye kupanda ndege ni wachache.

Basi safari inapita Dar es Salaam. Mzunguko wenyewe si mkubwa. Mtwara–Dar kilomita 400, Dar–Guangzhou kama 8,710, jumla 9,110. Umeongeza kilomita 330 tu juu ya ule mstari wa simu. Dar–Guangzhou ni njia ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumikia kwa Dreamliner, na siku ndege ya moja kwa moja inapokuwepo, ndiyo njia fupi kuliko zote.

Siku isipokuwepo, utapewa njia ya Addis Ababa, Doha au Dubai, na hapa watu hubishana sana. Anayepita Dubai huambiwa amezungushwa Uarabuni; anayepita Addis huambiwa ameenda kaskazini bure. Nimezipima. Mtwara–Dar–Addis–Guangzhou ni karibu kilomita 10,200. Mtwara–Dar–Dubai–Guangzhou ni karibu kilomita 10,200 vilevile. Ya Doha ni kama 10,400. Kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 200 ni dakika kumi na kitu. Anayechagua kati ya njia hizi kwa kuangalia ramani anapoteza muda wake. Aangalie saa za kusubiri.

Turudi kwenye tiketi ya yule mfanyabiashara, tuifungue. Saa zote hapa niziandike kama tiketi inavyoziandika. Anatoka Mtwara 10:00, anatua Dar 11:00. Anasubiri mpaka 17:00. Anatua Addis 19:45. Anasubiri tena, anaondoka 00:10, na baada ya saa tisa na nusu angani anatua Guangzhou. Kuruka kwake kote ni saa 13 na dakika 15. Kusubiri ni saa 10 na dakika 25. Jumla saa 23 na dakika 40, mara mbili ya zile za simu, na karibu nusu yake ameitumia kwenye viti vya viwanja vya ndege. Kilomita za ziada zilizotokana na kuzunguka, 1,400 hivi, zimemgharimu saa moja na nusu pekee. Kilichomla ni kusubiri.

Saa ya tiketi na saa yetu

Lakini tiketi ilisema Jumatatu 10:00 hadi Jumanne 14:40. Hesabu ya vidole inatoa saa 28 na dakika 40. Saa tano za ziada zimetoka wapi?

Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo. Kuondoka ni kwa saa ya Tanzania, kufika ni kwa saa ya China, na China iko mbele yetu kwa saa tano. Hili nalo linatoka kwenye longitudo: dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Kati ya Mtwara na Guangzhou kuna nyuzi 73, na 73 ukigawa kwa 15 unakaribia tano kamili. Jua linalochomoza Guangzhou linatufikia sisi saa tano baadaye. Kwa hiyo kanuni ni moja: ukielekea mashariki, toa tofauti ya saa kwenye muda wa karatasi, ukirudi, ongeza. Saa 28 na dakika 40 ukitoa tano, unabaki na saa 23 na dakika 40. Imekubali.

Kurudi ndiko kunakodanganya vizuri. Tuseme ndege ya moja kwa moja inaondoka Guangzhou 10:00 na kutua Dar 16:00. Karatasi inaonyesha saa sita, na mtu anajisifu kwamba ndege ya kurudi ilikimbia. Haikukimbia, ongeza tano, ni saa 11 angani. Anayekwenda Jeddah hana kazi hii, maana Saudi Arabia inatumia saa ileile yetu, kama ilivyo Addis na Doha. Dubai iko mbele kwa saa moja. India iko mbele kwa saa mbili na nusu, na ile nusu huwasahaulisha wengi wanaopeleka wagonjwa Mumbai, ambako daktari anakungoja kwa saa ya India.

Kisha kuna tatizo ambalo ni letu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Tiketi ina mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. 14:40 ni saa nane na dakika 40 mchana. Hapo wengi wanajua kutoa sita. Hatari iko kwenye saa za usiku. Tiketi ikisema Jumamosi 01:30, ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa mazungumzo yetu ya kawaida bado ni Ijumaa usiku, watu hawajalala. Kwa tiketi, Jumamosi imekwishaanza tangu saa sita usiku. Abiria anayeshinda Jumamosi nzima akifunga mabegi, akaenda uwanjani usiku huo, ndege yake imeondoka takriban saa 24 zilizopita. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka katikati ya usiku, kwa hiyo jambo hili si dogo. Ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, iandike upya kwa lugha yako pembeni: “naondoka nyumbani Ijumaa baada ya magharibi.” Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, lakini tiketi za Addis huandikwa kwa mtindo wa kimataifa, kwa hiyo usiongeze wala kupunguza kwa kudhani wamekuandikia kienyeji.

Limebaki la kusubiri, maana ndilo linalobeba saa nyingi na ndilo unaloweza kulipanga. Ukinunua tiketi moja kutoka Mtwara hadi Guangzhou, ndege ya kwanza ikichelewa, kukupeleka mbele ni jukumu la waliokuuzia safari nzima, na mara nyingi mzigo unaandikiwa mpaka mwisho. Ukinunua mbili, moja ya Mtwara–Dar na nyingine ya kimataifa, kila shirika linakujua kwa kipande chake. Utachukua mabegi yako Dar mwenyewe, na huenda ukalazimika kuhama jengo, kwani safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu lililofunguliwa 2019. Halafu utakaguliwa upya kama anayeanza safari. Kwa tiketi mbili, saa sita za kusubiri Dar si nyingi, ni kinga. Mimi ningelala Dar usiku mmoja kabla.

Wapo wanaoamua kwenda Dar kwa basi ili kupunguza gharama. Barabara ni kama kilomita 560 badala ya 400, na ni safari ya siku nzima. Siku za kawaida inawezekana. Lakini Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini huko Somanga, Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mwenye ndege ya kimataifa akisafiri kwa basi wakati wa masika, awe Dar siku mbili kabla.

Na mwenyeji wako wa Guangzhou usimwandikie “nafika saa nane.” Mwandikie Jumanne, tarehe, 14:40 saa za China, pamoja na namba ya ndege ya kipande cha mwisho, ile inayotoka Addis. Ya Mtwara haitamsaidia. Kwenye ubao wa wanaowasili kule haionekani.